Mzima Ndani ya Machela

Kule Mkotokuyana, wilaya ya Nachingwea, machela ni kitu kimoja tu: blanketi na mti mrefu. Mgonjwa akizidiwa, blanketi linafungwa kwenye mti, mgonjwa analazwa ndani, wanaume wanabeba mabegani mbiombio mpaka zahanati, na wanawake wanafuata nyuma na chupa ya uji. Aliyeingia kwenye machela hutoka kwa njia mbili, kapona au hakupona, na njia ya tatu hakuna aliyepata kuisikia. Tena hakuna aliyewahi kuingia kwenye machela kwa sababu ameshiba.

Kwa hiyo Swalehe Kaimu alipotundika ya kwake kati ya mikorosho miwili nyuma ya nyumba, akala ugali wake wa muhogo na kisamvu, akanawa, akajitia ndani na kufumba macho, alikuwa ameleta kijijini tatizo la lugha kabla hajaleta tatizo la tabia.

Swalehe alikuwa mtu wa hamsini na kitu, mgane, mwembamba kama mpini wa jembe, mwenye mikono mirefu na maneno mafupi. Mikorosho aliirithi. Dada yake mkubwa, Swaumu, aliyeishi naye kwenye ua ule ule, naye alikuwa wa kurithi. Hakuna kati yao aliyemchagua mwenzake. Kwa miaka kadhaa Swalehe alikuwa mpishi katika kambi ya watafiti wa madini ya kinywe, upande wa Ruangwa, yale madini meusi yanayochafua mikono kama penseli. Huko ndiko alikoupata ugonjwa huu, kama Swaumu alivyouita.

Kambini alikuwapo mpima miamba mmoja kutoka Meksiko, jina lake Ildefonsi. Watu walimshangaa kwa jina kuliko kwa rangi. Ildefonsi waliyemjua wao alikuwa fundi baiskeli wa Ndanda, sasa huyu kalipata wapi? Yule Mmeksiko alijitetea kwamba kalirithi kwa babu yake, wakamsamehe, ila wengine waliendelea kumletea matairi yaliyotoboka, kwa utani.

Ildefonsi hakulala kitandani. Kambi ilimpa kitanda cha chuma na godoro zuri, naye akapanga mawe yake juu ya godoro, kila jiwe na mahali pake, halafu yeye mwenyewe akatundika wavu mpana wa nyuzi na kulala humo. Siku moja Swalehe alimpelekea chai akamkuta anabembea.

"Kwenu mnalala hivi?"

"Kwetu ndiyo. Sisi Wamaya."

"Wamaya wa wapi, wa upande wa Masasi?"

"Mbali kuliko Masasi."

"Newala?"

Ildefonsi akacheka mpaka chai ikamwagika, na kuanzia hapo wakawa marafiki. Alimfundisha kusuka. Unasimika nguzo mbili ardhini, unazungusha uzi kutoka nguzo hii kwenda ile mpaka unakuwa kama ukuta wa mvua, kisha unachukua kijiti kilichochongwa bapa mfano wa samaki, kimebeba uzi tumboni, unakipitisha juu, chini, juu, chini. Ajabu yake ni kwamba katikati pale pa kulalia hapana fundo hata moja. Nyuzi zinapishana tu, kila moja inampa mwenzake njia, ndiyo maana mwili ukitua hakuna kinachokuchoma. Ildefonsi alisema mama yake hupokea kazi ya mke wa jirani, anaendeleza ilipoishia, na jirani hupokea ya kwake, mpaka hamjui nani kasuka nini.

"Zamani tulisuka kwa mkonge," alisema.

"Mkonge tunao. Wajerumani waliuleta."

"Waliutoa kwetu."

Swalehe alilifikiria jambo hilo akikuna sufuria. Mkonge ule uliovunja migongo ya wazee wake kwenye mashamba ya Lindi, kumbe kwa Wamaya ulikuwa wa kulalia. Wakubwa walibeba mmea, wakasahau kubeba usingizi.

Kambi ilipofungwa, kila mtu alirudi kwao na alichopata. Wengine walirudi na buti. Swalehe alirudi na kijiti kile mfano wa samaki. Masika yote alisuka, kwa uzi wa pamba alioagiza Lindi kwa wauza nyavu, na kiangazi kilipoingia akatundika.

Sasa jina. Ildefonsi alikiita kitu kile hamaka, na Swalehe, kwa heshima ya mwalimu wake, alitaka kukiita vivyo hivyo. Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa jirani, Mwamina, ambaye njia yake ya kisimani inapita nyuma ya nyumba ya Swalehe, na ambaye tangu azaliwe hajawahi kupita mahali bila kuona kitu.

"Kaka Swalehe, uko ndani ya nini?"

"Ndani ya hamaka."

Mwamina akatua ndoo. "Hamaki ya nini tena? Nani kakuudhi?"

"Sijaudhiwa. Hamaka. Napumzika."

"Mtu hapumziki kwenye hamaki, kaka. Hamaki inaua. Mjomba wangu aliondoka na hamaki, hata chai hakumaliza."

Jioni kijiji kizima kilijua kwamba Swalehe kapatwa na hamaki kali, imemlaza. Baada ya sala ya magharibi wazee wawili wa msikitini walikuja kumpatanisha. Waliuliza ana ugomvi na nani, akasema hana. Wakamwangalia Swaumu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, wakampa mawaidha marefu ya kuishi vizuri na ndugu. Swaumu alisikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, wakaondoka, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Kesho hicho kitu kipe jina la Kiswahili. Mawaidha mengine utaenda kuyasikiliza wewe."

Swalehe akakumbuka kwamba shuleni, darasa la sita, mwalimu aliwahi kuwaambia kuwa kitanda cha kutundika kinaitwa machela. Basi kesho yake kila aliyeuliza alijibiwa kwa Kiswahili safi cha shule: "Niko kwenye machela." Hapo ndipo alipoharibu.

Na ubaya wa mambo ni kwamba Swalehe alikuwa anaposa.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Rukaiya, mjane wa Malolo, kule Ruangwa. Alikuwa anauza mboga sokoni Ruangwa siku zile za kambi, na Swalehe alinunua kwake nyanya nyingi kuliko kambi ilivyoweza kula, mpaka watafiti wakaanza kuuliza kama nchi hii ina mboga nyingine. Baba yake Rukaiya alikwisha kufariki, kwa hiyo mwenye neno la kuoza alikuwa kaka yake, Masoudi, mfanyabiashara wa ufuta, mtu mnene, msema kweli, na asiyependa hasara. Masoudi aliweka sharti moja tu mbele ya wazee.

"Dada yangu ameuguza mume, akamzika. Simtoi Malolo akauguze wa pili. Huyo mtu akiwa mzima, namwoza. Akiwa mgonjwa, abaki na ndugu zake. Ufuta ukishauzika nitakwenda kumwona kwa macho yangu."

Kwa hiyo Swalehe alihitaji vitu viwili duniani: kuwa mzima, na kusemwa kuwa ni mzima. Cha kwanza alikuwa nacho. Cha pili kilikuwa mikononi mwa Mwamina.

Wagonjwa hutembelewa, hiyo ni sunna, na Mkotokuyana hawana mchezo na sunna. Walianza kuja. Mmoja na sukari, mmoja na uji wa mtama, mmoja na mizizi iliyofungwa kwa gazeti, mmoja mikono mitupu lakini na habari za watu wote aliowajua waliokufa kwa dalili kama hizi. Swalehe akiinuka kuwapokea, wanamrudisha. "Usiamke, usiamke." Akisema ni mzima, wanaangaliana, maana mgonjwa anayesema anaumwa bado ana matumaini, anayesema ni mzima ndiye wa kuogopwa. Siku moja, ili kukata maneno, alibeba mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa mgongoni mbele ya wageni, akazunguka nayo ua mzima.

"Ndivyo wanavyokuwa," alisema mzee mmoja kwa upole. "Karibu na kuondoka wanapata nguvu kidogo."

Swalehe hakuwa mtu wa hotuba, lakini alijaribu. Aliwaeleza kuwa salfa hupuliziwa alfajiri, upepo ukiwa umelala, na kwamba mtu aliyetembea tangu alfajiri na mashine ile mgongoni, akimeza poda ya njano na kufanya uti wa mgongo uwe mkia wa punda, jua likisimama anahitaji kunyooka. Kwenye mkeka ardhi inakupiga kutoka chini. Kwenye kitanda godoro linakuchoma kwa joto. Humu hewa inapita chini na juu, mgongo hauna kinachousukuma, miguu inarudisha damu kichwani, siafu hawakufikii. Watoto hulala humo bila kulia. "Wamaya wenyewe wanazaliwa humo," alisema, na sasa akawa amepamba moto, "wanalea humo, wanazeeka humo, wanafia humo."

Walisikiliza kwa makini sana. Wakaondoka na neno la mwisho.

Neno hilo likapanda bodaboda. Mkotokuyana lilikuwa "Swalehe yuko kwenye machela." Sokoni Nachingwea likawa "Swalehe kabebwa." Lilipovuka kwenda Ruangwa lilikuwa limenenepa njiani, kama wanavyonenepa wote wanaofanya biashara katika barabara ile, na lilipofika Malolo lilikuwa "wanasubiri tu."

Kabla halijafika huko, alikuja mwenyekiti wa kitongoji. Huyu aliitwa Linus, mtu mwadilifu, aliyekwenda kila mahali na kiti chake cha plastiki, kwa sababu alishajifunza kwamba kiongozi akisimama sana anaonekana kama mwombaji. Alikitua kiti chini ya mkorosho, akakaa, akasafisha koo.

"Swalehe, nimeletewa malalamiko. Unalala saa za kazi."

"Nimepulizia tangu alfajiri, mwenyekiti. Wewe umefanya nini tangu alfajiri?"

"Mimi nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Kwenye kikao. Ndiyo maana kinaitwa kikao."

"Mlikuwa mnajadili nini?"

"Tulikuwa tunapanga tarehe ya kikao." Linus hakuona cha kuchekesha hapo, wala hakipo. "Usinichanganye. Kukaa na kulala ni vitu viwili. Mtu aliyekaa anaonekana anafikiri. Hebu mimi nikilala hivyo mbele ya wananchi, watasema nini?"

"Watasema umepumzika."

"Watasema nimekufa, watagombea nafasi." Akainama mbele. "Sasa nisikilize. Kijiji kina taratibu. Kina wagonjwa na kina wazima. Mgonjwa najua la kumfanyia, mzima najua la kumfanyia. Wewe unasema u mzima na uko kwenye machela. Mtu wa namna hiyo nimpange wapi?"

"Niache hivyo hivyo."

"Haiwezekani. Nikisikia tena kuna mtu ndani ya kitu hiki mchana, nitachukulia ni mgonjwa, na nitawaita wabebaji. Hilo ndilo jukumu langu, na nitalitimiza hata kwa nguvu."

Wageni Nachingwea imewaona wengi. Wazee bado wanasimulia Waingereza walivyokuja na matrekta makubwa kulima karanga, na karanga zikakataa. Kila kinachotoka mbali kinapimwa kwa karanga zile. Linus hakuwa na ubaya. Aliona tu kwamba karanga zimerudi, safari hii zimetundikwa.

"Mwenyekiti kasema kweli," Swaumu alimwambia mdogo wake alipoondoka. "Kiteremshe mpaka Masoudi aje aone, aondoke. Ukishaoa, lala hata juu ya mti."

"Masoudi anakuja ufuta ukishauzika. Nitakiteremsha siku moja kabla."

Alihesabu kama mtu anayeamini kwamba habari mbaya zinasubiri ufuta.

Masoudi alifika kesho yake, jua likiwa katikati. Pikipiki mbili ziliingia uani na mawingu ya vumbi. Kwenye ya kwanza alikuwa Masoudi, mwekundu kuanzia kofia mpaka viatu, kashika kiuno. Kwenye ya pili alikuwa Rukaiya mwenyewe, kajifunga kitenge mpaka machoni. Kwa watu alisema anakwenda Nachingwea kununua magunia, na hakuna aliyemwuliza kwa nini magunia yananunuliwa Mkotokuyana. Swalehe alikuwa ndani ya machela. Alipoona kofia ile aliruka haraka kiasi kwamba mguu mmoja ulibaki kwenye nyuzi. Hivyo kitu cha kwanza ambacho shemeji alikiona kwa macho yake kilikuwa mgonjwa kaanguka chini.

"Usiamke," alisema Masoudi kwa huzuni.

"Ni mzima, shemeji. Karibuni. Assalamu alaykum."

"Wa alaykumu salaam. Usijisumbue." Masoudi alimzunguka pole pole, kama mtu anayenunua mbuzi kwa mtu asiyemwamini. Akamvuta ukope wa chini akautazama. Akamwambia atoe ulimi. Ulimi ulikuwa wa njano kwa salfa, naye Masoudi akaguna.

"Kohoa."

Swalehe akakohoa.

"Mnaona? Anakohoa."

"Umemwambia akohoe, kaka," alisema Rukaiya.

"Mzima angekataa." Masoudi akageukia ule wavu mweupe uliokuwa bado unayumba kati ya mikorosho. "Na hiki ndicho?"

"Ndicho, shemeji. Cha kupumzikia tu."

"Malolo wanasema ukiingia humu hutoki."

Rukaiya akafungua kitenge usoni, akakung'uta vumbi. "Basi ingia wewe kaka, tuone. Toka Ruangwa unalia kiuno njia nzima, dereva wa watu mpaka kazima redio."

Masoudi alitaka kukataa. Lakini barabara ya kutoka Malolo ilikuwa bado imo ndani ya mifupa yake, na kiti cha kumkaribisha kilikuwa kigoda cha Swaumu, kifupi, cha miguu mitatu. Alikitazama kigoda, akautazama wavu. Akakaa ukingoni mwa wavu, ukamkwepa. Akakaa tena. Akajilaza kwa urefu wa wavu, kama wanavyolazwa wale ambao hawana la kusema, nao ukamkunja kama ndizi, magoti kidevuni.

"Hiki kitu kinameza mtu."

"Mshazari, shemeji. Kichwa upande huu, miguu upande ule. Usiufuate uzi, ukate."

Masoudi akageuka kwa taabu, mikorosho ikalalamika, na ghafla wavu ukafunguka chini yake, ukawa bapa kama mkono wa mtu anayepokea. Kiuno kikatua. Uso wake ukabadilika kidogo, kama wa mtu aliyesahau deni.

"Aa. Kwa hiyo unalala hivi," alisema, "halafu..."

Halafu yake hakuna aliyeisikia. Mkono mmoja ulining'inia nje, mnene, na pumzi ikaanza kukoroma.

Swaumu aliwakaribisha wengine jikoni, akabandika chai, akaweka katikati sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, kisha akageuka kupuliza moto kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

"Nimeharibu," alisema Swalehe.

"Umeharibu nini?"

"Kaka yako kaja kuona mzima, kaona mtu kaanguka."

Rukaiya alimenya mng'oko bila haraka. "Ukiamka pale huwa unafanya nini?"

"Narudi shambani. Jioni napalilia."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Anuari hakuwahi kulala mchana," alisema Rukaiya. Anuari alikuwa marehemu mume wake. "Asubuhi shamba, mchana mashimo ya dhahabu Namungo, usiku anasaga mawe. Akikaa anaona aibu. Watu walimsifu sana. Alipoanza kukohoa, akasifiwa kwamba anakohoa na bado anafanya kazi. Hata siku ya kumzika walimsifu." Akaweka maganda pembeni. "Mimi sikumwuguza kwa sababu alilala, Swalehe. Nilimwuguza kwa sababu hakulala. Kaka hilo hajalielewa, anadhani ugonjwa unaanzia mtu anapojilaza."

Swalehe alimsogezea chai upande wake, ile iliyokuwa na sukari zaidi.

"Sitaki mume wa kusifiwa," alisema Rukaiya. "Ila kaka asipokubali, sitaolewa kwa kutoroka. Umri wangu huu si wa kuruka madirisha."

Wakati huo Mwamina alikuwa anarudi kisimani. Njia yake ni ile ile. Alitazama kama kawaida, akaona machela imeshuka karibu na ardhi kwa uzito, na mkono unaning'inia, mnene kama shina la mgomba. Ndoo ikamponyoka.

"Swalehe kavimba," aliwaambia wa kwanza aliokutana nao. Na kwa mwenyekiti alisema: "Kavimba mwili mzima, hata sauti imebadilika, anakoroma kama si yeye."

Linus hakupoteza muda. Kwa siku nyingi alikuwa amesubiri jambo linaloeleweka. Vijana walikuja na blanketi na mti, wanawake wakafuata, wakaingia nyuma ya nyumba kwa kukimbia, na kwa kuwa wabebaji wazuri hawamwangalii mgonjwa usoni, walimhamisha kutoka machela moja kwenda nyingine, wakafunga, wakanyanyua. Masoudi aliamka akiwa hewani.

Swalehe na Rukaiya walitoka jikoni mbio. Wabebaji walisimama, maana sasa Swalehe alikuwa wawili, mwembamba mlangoni na mnene kwenye blanketi.

"Huyu nani?" aliuliza Linus.

"Shemeji yangu. Kaka yake Rukaiya, wa Malolo."

Linus akainamia blanketi. "Shemeji, unaumwa?"

Masoudi akatazama nyuso zile zote juu yake, wazee, wanawake na chupa zao za uji, vijana wanaotweta. Alikuwa mtu msema kweli. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa kwamba yeye, Masoudi, aliyesafiri na vumbi lote lile kuja kukagua mvivu au mgonjwa, alikutwa mchana kweupe kalala kitandani mwa huyo huyo, anakoroma. Ukweli wa namna hiyo ungefika Malolo kabla yake.

"Kidogo," alisema. "Kiuno."

Neno "kidogo" halijawahi kumshusha mtu kwenye machela. Wakaondoka naye.

Zahanati iko juu, njia ni ya kupanda na ina mchanga. Masoudi alikuwa na uzito wa mtu ambaye ufuta umemkubali. Hawajafika nusu, kijana mmoja wa mbele akapiga goti, na Swalehe, aliyekuwa anafuata pembeni, akaingiza bega lake chini ya mti bila kuambiwa. Wengine walibadilishana njiani, huyu anatoka, huyu anaingia. Bega lile la mbele halikubadilishwa. Linus aliongoza msafara, kiti chake kichwani, akisafisha njia kwa maneno. Rukaiya alitembea nyuma na wanawake, kitenge mdomoni, mabega yake yakitikisika, na wanawake wakamwambia asilie, kaka yake atapona.

Ndani ya blanketi Masoudi hakuwa na cha kutazama ila shingo ya Swalehe. Aliitazama kupanda mlima wote.

"Huchoki wewe?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nimepumzika, shemeji."

Muuguzi wa zahanati, Valentina, aliwapokea barazani. Alimpima Masoudi presha, akamgeuza, akambonyeza kiuno, akamwuliza anafanya kazi gani na kapumzika lini. Masoudi akasema anasafirisha ufuta, na tangu masika hajapumzika, alisema kwa majivuno, kama alivyozoea kusema kwa watu.

"Basi ndiyo hiyo," alisema Valentina. "Misuli imekaza. Chukua hivi vidonge. Lakini dawa yenyewe ni kulala. Kila siku mchana, unajinyoosha kidogo."

Linus alisogea. "Mchana, muuguzi? Saa za kazi?"

"Kwani ni usiku jua linapomchosha?"

Linus alikaa kwenye kiti chake ili jambo hilo alifikirie vizuri.

Walimketisha Masoudi kwenye benchi la nje. Swalehe alikuwa amesimama kando ya pipa, anakunywa maji kwa kikombe cha bati, jasho limechora mistari kwenye poda ya njano shingoni, bega moja likiwa jekundu pale mti ulipokaa. Rukaiya akaja akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, ulikuja kumwona mgonjwa kwa macho yako. Umemwona?"

Masoudi alimtazama Swalehe, akalitazama na bega. Watu wakasogea, maana maneno ya ndoa husikika hata yakisemwa taratibu.

"Huyu ni mzima," alisema. "Mgonjwa ni mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini?"

"Kwa hiyo sharti lako."

Masoudi akapumua. Akaegemea ukuta, akafumba macho, akajaribu kunyoosha miguu mshazari juu ya benchi ambalo halikuwa na mshazari.

"Basi yameisha," alisema. "Nimeoza."

Mwamina, aliyekuwa karibu kama kawaida yake, akashika kichwa. "Kaoza, maskini. Si nilisema kavimba?"

Vijana wakatazamana. Mwenyekiti Linus akainuka kitini.

"Mti uko wapi?" aliuliza. "Huyu wa kupelekwa hospitali ya wilaya."

"Kamwoza dada yake," alisema Rukaiya, na safari hii hakuziba mdomo kwa kitenge. "Kaoza ndoa. Mwili wake bado mzima kabisa, mkamweke kwenye pikipiki."

Lakini walikuwa wameshamfunga blanketi, na Masoudi, kwa mshangao wa kila mtu, hakubisha. Aliomba tu wamlaze mshazari.